Chupa Iliyozikwa Kichwa Chini

Ukiingia siku hizi katika baa yoyote ya Louisville yenye taa hafifu na wahudumu wenye masharubu yaliyosokotwa, utaletewa kokteli moja ya wiski iliyo safi kama maji ya kisima, yenye rangi ya dhahabu kwa mbali. Ukiuliza imetoka wapi, utapewa uongo. Mmoja atakwambia ilibuniwa na mpishi wa hoteli kubwa ya New York. Mwingine ataapa kwamba aliiota yeye mwenyewe usingizini. Waache, kokteli haina cheti cha kuzaliwa. Lakini sisi wa mji mdogo wa Bardstown tunajua kwamba hiyo waiitayo Fungu la Ardhi ilizaliwa jikoni kwa Bernadine Hagan, ndani ya sufuria ya mchuzi, siku ya arusi. Na mkunga wake alikuwa Geneva Crume, mwanamke aliyechukia kokteli kuliko alivyochukia nyoka.

Geneva alizaliwa katika shamba la tumbaku. Akalikimbia angali msichana mbichi, akapata kazi nyuma ya kaunta ya baa iliyo karibu na mahakama ya zamani, na hapo ndipo alipobaki. Orodha ya vinywaji vyake ilikuwa fupi: wiski tupu, wiski na barafu, wiski na maji, na bia kwa wale ambao daktari aliwakataza wiski. Wateja walimwita Bi Geneva, hata wale waliomzidi umri. Watalii walipoanza kumiminika kutembelea viwanda vyetu vya bourbon, hiyo wiski ya mahindi ya kwetu, vijana wenye viatu vyeupe wakawa wanaegemea kaunta na kumwomba vitu vyenye majani, povu na moshi. Yeye aliwatazama kwa huruma, kama mtu anayetazama ng'ombe aliyepotea njia.

"Bi Geneva, huna hata kitu kitamu kidogo?"

"Ninacho. Kiko duka la peremende, mkono wako wa kulia ukitoka."

Dharau hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa mumewe, kama wengine wanavyopata jina la ukoo. Dorsey Crume alikuwa mviringisha mapipa katika ghala la kiwanda kimoja cha hapa, mabega mapana, sauti ndogo. Mara ya kwanza alipoingia baa alichovya kidole katika glasi ya maji, akadondosha tone moja katika wiski yake, basi. Jirani yake pale kaunta alikuwa anatia soda tamu. Dorsey akamgeukia kwa upole kabisa.

"Bwana, hayo mahindi yamekaa jua na mvua shambani. Yakaja yakakaa ndani ya mwaloni miaka na miaka, kila mwaka malaika wanachukua fungu lao, lile linalopaa kama mvuke. Yamevumilia yote hayo, halafu wewe unayatia sukari? Hiyo si kiu, huko ni kukosa adabu."

Geneva alicheka hadi akaangusha kitambaa. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameoana, na amri ya Dorsey ikawa sheria ya baa.

Mungu aliwapa mtoto mmoja, Leandra, na kama kwa kumtania Dorsey akampa mtoto asiyeweza kuvumilia harufu ya wiski. Alipokuwa mtu mzima, kila Krismasi baba yake alimmiminia kidogo. Leandra aligusisha midomo, uso ukakunjamana, akakohoa mpaka machozi. Dorsey alimpigapiga mgongoni.

"Haidhuru, mwanangu. Siku ya arusi yako utakunywa na mimi, utake usitake."

Na hakusema tu. Wiki aliyozaliwa Leandra, Dorsey alikuwa ameviringisha pipa moja ghalani kwa mikono yake, akapakumbuka mahali pake. Lilipokuja kufunguliwa, msichana amekuwa mkubwa wa kutosha kumjibu mama yake, Dorsey aliomba ajaze chupa moja. Akaipiga kizibo mwenyewe, akaichovya katika nta nyeusi, akaiweka juu ya kabati la jikoni. Hii ni ya arusi, alisema, atakayeigusa ajue pa kulala.

Yeye hakuifikia arusi. Moyo ulimsimama ghalani, katikati ya mapipa, asubuhi ya baridi. Tangu siku hiyo Geneva alikuwa akiisalimu ile chupa kila akiwasha jiko. Sisemi alikuwa na wazimu. Nasema alikuwa mjane.

Leandra alipochumbiwa na Boyd Hagan, kijana wa wakulima wa mtama wa nje ya mji, jambo moja tu ndilo alilolitaka. Gauni lolote lingemfaa, bendi iwepo isiwepo.

"Nataka kunywa na Baba," alimwambia mama yake. "Nilimkatalia maisha yangu yote. Siku hiyo nitakunywa hata kama nitatapika, na kila aliyemjua anywe tone."

Sasa, kwetu hapa maarusi hawaachi mambo ya mvua mikononi mwa redio. Mwezi mmoja kabla ya arusi huzika chupa ya bourbon iliyojaa, kichwa chini, mahali pale pale watakapofanyia sherehe. Siku yenyewe huifukua, wakanywa na wageni, na mvua hainyeshi. Usiulize kwa nini kichwa chini. Tumezika hivyo, na nguo zetu zimebaki kavu.

Bernadine Hagan, mama yake Boyd, alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Siku ya kuzika alisimama kando ya shimo, nyuma ya banda la tumbaku la kina Hagan, mikono kiunoni.

"Mkwe, zika ya bei rahisi," alimwambia Geneva. "Ile ya marehemu isimamishe mezani. Kizibo chake kizee."

"Kizibo kile kakitia Dorsey."

"Sijasema kakitia nani. Nimesema kizee."

"Mvua ya arusi ya mwanangu haitazuiwa na wiski ya bei rahisi, mkwe."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na Geneva hakuwa na pa kujificha, maana kila mtu wa baa anajua: divai hulazwa, wiski husimamishwa. Wiski ni kali, ikikaa juu ya kizibo hukila. Angeweza kukibadilisha kabla ya kuzika. Lakini alikataa kuvunja nta iliyoshikwa na vidole vya mumewe. Akaigeuza chupa kichwa chini, akaifukia kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi ya arusi, Jumamosi ya Oktoba, anga lilikuwa la bluu tupu. Leandra alikuja shimoni na buti za mpira, nywele zimesokotwa kwenye vibanio, mabinamu wakimpiga picha. Boyd akachimba. Hata kabla ya kuifikia chupa, harufu ilipanda kutoka udongoni, tamu na nzito kama ya ghala la mapipa, na Geneva akasogea ukingoni mwa shimo. Aliijua harufu hiyo. Haikutakiwa kuwa nje ya chupa.

Boyd akaitoa. Akaitikisa kidogo, tabasamu likamganda usoni. Nta ilikuwa imepasuka. Kizibo alipokigusa tu kilivunjika kama mkate mkavu, kipande kimoja mkononi, makombo mengine ndani. Nusu ya wiski ilikuwa imekwenda na ardhi, na iliyobaki ilikuwa imechafuka. Boyd akaonja kwa ncha ya kidole.

"Vipi?" akauliza Leandra.

"Ina... ina ladha ya gunia bichi."

Mabinamu wakashusha simu zao. Leandra akamgeukia mama yake, na afadhali angepiga kelele.

"Mama, umefanya kazi baa tangu sijazaliwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na Mama Boyd alikuonya."

"Alinionya."

"Basi?"

Geneva akaichukua chupa mkononi mwa Boyd. Angesema nini? Kwamba alipenda nta kuliko kilichomo ndani?

"Basi Baba amekufa mara ya pili," Leandra akasema, akageuka, akaenda zake ndani na buti zake za udongo.

Geneva alibaki ameikumbatia chupa kama mtoto mwenye homa. Boyd, kijana mwema, akasogea na kunong'ona.

"Mama, nina chupa nyingine nzuri garini. Tuijazie humu. Nani atajua?"

"Mkeo atajua. Ana pua ya baba yake huyo. Ndiyo maana harufu ya wiski ilikuwa inamkimbiza."

Akajikaza kisabuni, akaingia jikoni. Bernadine alikuwa anakata paja la nguruwe lililokaushwa, vipande vyembamba vya kuona upande wa pili. Aliiona chupa, akaendelea kukata.

"Usiniambie ulinionya," Geneva akasema.

"Sijasema neno."

"Uso wako umesema."

"Uso wangu ndivyo ulivyoumbwa, mkwe. Lete nionje." Akaonja, akatemea sinkini. "Mungu wangu. Hata nguruwe wa Hagan angekataa. Pole, mwenzangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Yaliyomwagika ni nusu. Hii nusu nyingine ninayo mkononi."

Akavuta kiti, akaketi, akaitazama. Alihesabia kichwani kila alichowahi kukifanya baa, akaona ni kumimina tu. Maisha yake yote alikuwa anamimina. Ndipo akamkumbuka nyanya yake, Ottie, aliyekuwa mpishi wa watu wakati gongo la milimani lilipokuwa kali kiasi cha kuchubua rangi ya mlango. Krismasi moja Ottie alilichanganya gongo na limau na sukari, akalimimina ndani ya maziwa, maziwa yakakatika vibaya, akayachuja kwa kitambaa. Kilichotoka kilikuwa kiangavu kama maji, laini, hata mchungaji alikunywa. Maziwa hukamata ubaya wote, Ottie alisema, kisha ubaya wenyewe unawatupia kuku. Geneva alikuwa mtoto, alikuwa amesahau. Na mwaka jana tu kijana mmoja mwenye ndevu alimwuliza kama anachuja vinywaji kwa maziwa, akamjibu kwamba hii ni baa, si zizi. Sasa aliona haya peke yake, pale kwenye kiti.

"Mkwe, una maziwa?"

"Nyumba ya mkulima hii, unauliza maziwa?"

"Na malimau. Na ile chai nyeusi ya wageni. Na kitu kitamu."

Bernadine akainama chini ya meza, akatoa mtungi wa asali ya mtama. Mumewe alikuwa ameyakamua mabua ya mtama na kuyachemsha maji yake wiki hiyo hiyo, nayo asali ilikuwa nzito, nyeusi, yenye harufu ya nyasi na moshi wa kuni. Akaufunua. Geneva akachota kijiko, kikabaki hewani juu ya wiski ya Dorsey. Miaka yote ile ya kuwacheka watu, miaka yote ya adabu, na leo yeye ndiye wa kutia utamu, tena siku ya arusi, tena katika chupa hii.

"Dorsey," akasema kwa sauti, "funga macho, mume wangu."

Akatia.

Wakaichuja makombo ya kizibo. Wakaichanganya na chai ya moto na maji ya malimau, wakaimimina taratibu ndani ya sufuria yenye maziwa. Maziwa yakakatika papo hapo, mapande mapande, rangi ya matope. Bernadine akaweka kisu chini.

"Haya, sasa umeharibu na maziwa."

"Ngoja."

"Nangoja, ila nimeshaona vitu vizuri zaidi kwenye ndoo ya ng'ombe."

Kitambaa cha kuchujia jibini kikafungwa juu ya bakuli. Matone ya kwanza yalitoka machafu. Geneva akayarudisha juu ya yale mabonge ya maziwa, kama alivyomwona Ottie, na kuyarudisha tena. Ndipo likashuka tone lililo safi. Halafu la pili. Wanawake wawili wazima wakainamisha vichwa juu ya bakuli wasipumue. Bernadine akachovya kidole, akaramba, akachovya tena.

"Gunia limekwenda," akasema.

"Limekwenda?"

"Limekwenda, mkwe. Na mumeo yumo. Nakumbuka alivyokuwa ananuka akitoka kazini. Yumo."

Geneva akalia pale pale, aproni usoni. Kisha wakamfukuza mbwa nje, wakafunga jiko kwa ufunguo, wakakimbilia kanisani huku matone yakiendelea kudondoka. Leandra alipita katikati ya viti ameshika mkono wa Boyd, mzuri wa kutisha. Hakumtazama mama yake hata mara moja, na hilo lilimuuma Geneva kuliko matanga.

Jioni, ndani ya banda la tumbaku lililofagiwa na kutundikwa taa, Bernadine na ndugu zake walipita na vikombe vidogo. Ilikuwa tone kwa kila mtu, si zaidi. Geneva akasimama mbele ya watu waliomzoea nyuma ya kaunta.

"Mnajua nilichokifanya," akasema. "Dorsey aliacha wiski nzuri, mimi nikaiharibu kwa kiburi. Ardhi imekunywa nusu. Nusu hii nimeitia limau, nikaitia asali ya mtama, nikaipitisha kwenye maziwa. Si kama alivyoiacha yeye. Sitamdanganya mtu yeyote, na zaidi sana sitamdanganya mwanangu. Asiyetaka asinywe."

Meza ya mbele walikaa wazee wa ghalani, waliokuwa wakiviringisha mapipa na Dorsey, na kila mmoja aliijua amri yake. Mkubwa wao, Tip Mattingly, akakinusa kikombe kama mtu anayekagua samaki wa jana.

"Maziwa, Bi Geneva?"

"Maziwa, Tip."

"Na utamu?"

"Na utamu."

Mzee akakigeuza chote mdomoni. Akafumba macho, akakaa nayo. Wenzake wakamtazama yeye, si vikombe vyao.

"Malaika walichukua fungu lao," akasema alipofumbua, "na ardhi nayo imechukua fungu lake. Hili ni letu. Kunyweni, mabaradhuli nyie, msinitazame."

Wakanywa, banda zima. Lakini Geneva hakuwa akiwatazama wao. Leandra alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, uso umeshaanza kujikunja kwa mazoea ya miaka, akijiandaa kukohoa. Akafumba macho kwa nguvu. Akanywa.

Hakukohoa. Uso ukakunjuka polepole, kwanza paji, kisha mdomo. Akafumbua macho kwa mshangao, akakiangalia kikombe, akakinywa chote mpaka chini. Kisha akavuka banda, gauni likiburuta mabua ya tumbaku, akamkumbatia mama yake shingoni.

"Mama," akasema, na sasa analia waziwazi, "hii ningekunywa naye."

Sentensi hiyo ilimwingia Geneva pande mbili. Ilikuwa msamaha, aliujua, na akaushika kwa mikono yote. Lakini ilikuwa pia hesabu ya zile Krismasi zote, baba amekaa huku na binti kule, wanapendana na hawanywi pamoja, wakati limau zilikuwa jikoni na mtama ulikuwa shambani, na yeye, mwenye baa, kasimama katikati anailinda adabu ya kinywaji. Dorsey hakuwa mtu mbaya. Angeguna, angenung'unika wiki nzima, lakini angekunywa ili akae na mwanawe. Hakuna aliyemwekea glasi hiyo mbele yake.

"Najua," Geneva akasema. "Najua, mwanangu. Nisamehe na hilo pia."

Wakacheza mpaka taa zikaanza kufifia, na ukitaka kujua, hakukunyesha.

Geneva aliporudi kazini alibandika karatasi ukutani yenye jina la kokteli moja, Fungu la Ardhi, ya kwanza katika historia ya baa ile. Wateja wa zamani walimzomea mpaka walipoonja. Sasa anatumia bourbon ya kawaida, ila asali ya mtama ni ya Hagan, na mabonge ya maziwa Bernadine anayachukua kwa ajili ya kuku wake. Wageni wakaonja, wakaipeleka Louisville, huko wakaitia masharubu, na uongo ukaanza. Yeye hajali. Ukimwambia kuna mtu anadai ni yake, anakujibu kwamba mtoto akipendwa na wengi hakosi baba wengi.

Kitu kimoja tu ndicho anachokiangalia: watu wanaokaa pamoja na hawanywi pamoja. Majira ya kuchipua yaliyofuata aliingia msichana mmoja na baba yake, mzee mwenye kofia ya mkulima, wote wawili wakimya kama watu waliosafiri mbali bila kuzungumza. Mzee akaagiza wiski tupu. Msichana akasema yeye atakunywa maji tu, harufu ya wiski haipatani naye.

"Amekuwa hivyo tangu zamani," mzee akanung'unika. "Hana haja na vitu vyangu."

Zamani Geneva angemimina, akapokea hela, akaondoka. Safari hii alitoa chupa baridi kutoka chini ya kaunta, akajaza glasi mbili, akaziweka mbele yao, moja na moja.

"Mimi nimeagiza tupu, mama," mzee akasema.

"Nimekusikia, mzee wangu. Tupu nitakupa baadaye, bure. Hii kwanza."

"Ina nini?"

"Ina wiski. Na vitu vinavyoiwezesha ikae meza moja na binti yako."

Mzee akamkata jicho, akaangalia glasi, akamwangalia msichana. Msichana alikuwa ameshainua yake na anasubiri, macho yamemtoka, kama anayeogopa kuomba. Mzee akaguna. Kisha akainua ya kwake, akaigusisha na ya mwanawe, na Geneva akaenda mwisho wa kaunta kupangusa glasi ambazo zilikuwa zimekauka zamani.